Ukuta wa Darini

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8, Mathayo 4:5–7, Mambo ya Walawi 13:45, 46.

Tarehe 15 Machi 2020 abiria aliyetoka Ubelgiji alitua katika uwanja wa KIA, kati ya Moshi na Arusha. Kesho yake serikali ikatangaza kwamba Tanzania imepata mgonjwa wa kwanza wa korona. Shule zilifungwa, nyumba za ibada hazikufungwa. Hivyo waumini waliachiwa swali waliamue wenyewe. Mlangoni palikuwa na ndoo ya maji na sabuni, na ndani, katika benchi moja, mwenye barakoa aliketi karibu na ndugu aliyemwona kuwa amepungukiwa imani.

Ndugu huyo asidharauliwe. Alikuwa ameshika ahadi ya Zaburi 91 kuhusu tauni, nayo ni ahadi ya kweli. Lakini ni zaburi hiyohiyo ambayo Shetani aliitumia juu ya kinara cha hekalu. Yesu hakuikana ahadi ile; alikataa kuigeuza kuwa njia ya kumjaribu Mungu.

Hata hivyo, jibu hilo halitoshi. Ambaye angejitupa kutoka kinarani angeanguka mwenyewe. Anayepuuza korona huenda akapata mafua ya siku tatu tu, na anayeanguka akawa mwingine. Ndiyo maana sheria ya Musa iliyo karibu zaidi na jambo hili inahusu ujenzi. Mwenye nyumba mpya aliagizwa kuzungushia dari yake ukuta, kwa kuwa watu walikaa huko juu, asije akabeba hatia ya damu ya atakayeanguka. Hakuulizwa ana imani kiasi gani. Mtu aweza kuhatarisha uhai wake mwenyewe, lakini uhai wa mgeni wake si mali yake.

Kila Desemba Wachagga walioko Dar es Salaam na kwingineko hupanda kwenda nyumbani: Rombo, Marangu, Kibosho, Machame. Desemba 2020 walipanda vilevile. Takwimu za taifa zilikuwa zimesimama tangu Mei kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na barakoa nyingi zilikuwa zimekwisha kuwekwa kabatini. Fikiria kijana anayefika kwa bibi yake mwenye miaka 80 baada ya kushinda ndani ya basi lililojaa. Koo linamwasha kidogo. Jioni baridi inashuka migombani, mlango unafungwa, wote wanazunguka moto jikoni.

Katika Walawi, mwenye ukoma ndiye aliyefunika mdomo na kukaa mbali. Mzigo ulikuwa wa mgonjwa aliyejulikana. Korona huweza kuambukizwa siku mbili kabla ya dalili, hata na mtu asiyeonyesha dalili kabisa. Basi mzigo umemfikia kila mmoja, na kijana hawezi kujitetea kwamba hakujua.

Anachotakiwa kufanya si kikubwa. Akiwa anakohoa, aahirishe safari siku chache. Anawe kwa sabuni na maji tiririka kabla ya kumshika bibi mkono. Avae barakoa wakiwa ndani; na bora zaidi, viti vitolewe barazani. Ellen G. White, alipoorodhesha dawa za kweli mwaka 1905, alianza na hewa safi. Inashangaza kwamba wengi wetu tulikumbuka kupiga nyungu chini ya blanketi tukasahau kufungua dirisha. (Wengine walikohoa kwenye kiwiko, kisha wakasalimiana kwa kiwiko hichohicho.)

Lakini bibi naye ana lake. Kwake, mjukuu anayesimama uani bila kumpa mkono amemkataa. Tahadhari isiyoelezwa huumiza kama dharau, maana anayejitenga kimya humwachia mwenzake atafute sababu mwenyewe. Kijana na apige simu kabla ya kuondoka Dar es Salaam, aseme kwa nini atakaa barazani siku za kwanza.

Tafakari: Bibi anajibu kwenye simu, "Mjukuu wangu, mimi nimeshiba siku. Afadhali niugue nimekushika kuliko nife sijakuona." Je, ana haki ya kuichagua hatari hiyo? Na jirani yake, mzee kama yeye, anayemletea maji kila asubuhi: ni nani aliyemuuliza?