Habari Njema na Wajibu wa Kuichunguza

Swali la iwapo aliyedanganywa ana hatia kwa kuamini alichoambiwa limewagawanya wanafalsafa, na wanaolijibu kwa haraka husahau kwamba sehemu kubwa ya maarifa ya binadamu hutokana na ushuhuda, yaani maneno ya watu wengine juu ya mambo asiyoyashuhudia mwenyewe. David Hume, alipoandika juu ya miujiza mwaka 1748, alitaka ushuhuda wowote upimwe kwa uzoefu, ilhali Mskoti mwenzake Thomas Reid alishikilia mwaka 1764 kwamba kuwaamini wasemaji ni silika aliyoipanda Muumba, ambayo bila hiyo mtoto asingejifunza chochote.

Mpemba, kata ya mji wa Tunduma ambako barabara ya Isongole huchepuka kutoka barabara kuu iendayo Zambia, inampa Reid ushindi wa nusu. Mfanyabiashara wa mahindi hawezi kwenda kila asubuhi kutazama foleni ya malori wala kuuliza bei ya kwacha. Humwamini dereva, wakala wa forodha na mbadilisha fedha. Hata hivyo, akisikia kwamba mpaka umefungwa, huwapigia simu watu wawili watatu walioko Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kabla hajaamuru magunia yashushwe, kwa kuwa kosa litamla mtaji. Huyohuyo, akiletewa jioni habari kwamba mkubwa fulani wa dunia ameisifu nchi yake, huisambaza bila kumpigia mtu yeyote.

Wala hili si suala la uhaba wa elimu. Machi 2017 Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) lilitangaza kwamba Donald Trump amemsifu Rais John Magufuli, habari iliyotoka katika tovuti ya uongo, na watumishi 9 wakasimamishwa kazi. Hao walikuwa watu ambao kuhakiki ndiyo kazi yao. Mwaka uliotangulia, uzushi uliochapishwa Kenya kwamba Eritrea imewalazimisha wanaume kuoa wake wawili ulienea Afrika nzima, na hapo kilichopendeza hakikuwa sifa bali kichekesho juu ya jirani. Kejeli, yaani utungo unaosema uongo ulio wazi ili kuumbua jambo la kweli, hutegemea msomaji azione dalili zake, na dalili hizo hupukutika kadiri maneno yanavyopita kutoka simu hadi simu.

Kurani, katika sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, inaagiza habari ichunguzwe pale mletaji anapokuwa fasiki, yaani mtu asiyeaminika kwa mwenendo wake. Matendo ya Mitume 17:11 inatazama upande mwingine: watu wa Beroya walilipokea neno kwa shauku na bado wakayachunguza Maandiko kila siku. Upande huu wa pili ndio mgumu zaidi, kwa sababu kumshuku mletaji mbaya ni rahisi, ilhali kuishuku furaha ya moyo wako mwenyewe kunahitaji nidhamu ambayo hakuna anayeidai.

Hata sheria haiidai. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinamlenga anayechapisha taarifa huku akijua ni ya uongo. Aliyeisambaza kwa kuwa aliipenda, akaiamini kwa kuwa aliipenda, hakimbani.