Rakaa Mbili za Ndegeni, Rakaa Nne za Topeni

Masika yakiushika udongo mweusi wa bonde la Kilombero, anayetoka Idete kwenda Ifakara kwa bodaboda hukaa kwenye siti kidogo na kusukuma sana. Tope hujaa ndani ya madigadi mpaka gurudumu likagoma. Ndala moja hubaki dimbwini. Akifika mjini adhuhuri imeshaingia. Anatawadha, anasali rakaa nne kamili. Kwa sheria ya dini, hajasafiri.

Siku hiyohiyo mwingine anapanda ndege Dar es Salaam kwenda Dodoma. Kati ya viwanja hivyo viwili pana karibu kilomita 390, na baada ya kama saa moja anashuka shati lake likiwa bado limenyooka. Huyu ndiye msafiri: adhuhuri yake yaweza kuwa rakaa mbili.

Hapo ndipo moyo unapouliza haki iko wapi.

Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, hupima safari kwa marhala mbili, ambazo kwa hesabu za leo wengi huziweka kati ya kilomita 80 na 90. Idete hadi Ifakara haifiki hata nusu yake. Imamu Nawawi wa Syria, aliyefariki mwaka 1277, aliligusa swali la mwendo wa kasi karne nyingi kabla ya ndege: katika Minhaj alieleza kuwa anayeyakata masafa hayo baharini kwa saa moja naye hupunguza sala. Yeye aliwaza tanga na upepo, lakini jibu lake linamtosha rubani.

Taabu haina rula. Kijana aliyezoea tope na mzee mwenye magoti mabovu hawapiti njia moja hata wakiongozana. Kilomita zinahesabika, na kila mtu huzihesabu sawa. Ndiyo maana wanazuoni wakaifunga ruhusa kwenye safari yenyewe, ingawa hekima yake ni kuwapunguzia watu mashaka.

Lipo jambo zito zaidi. Aya ya 101 ya Sura An-Nisaa inataja kupunguza sala pamoja na hofu ya adui. Umar bin Khattab alistaajabu, kwani amani ilikuwa imekwisha kuja, akamuuliza Mtume (s.a.w.). Akajibiwa kuwa hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu, basi waipokee. Sadaka si ujira. Wa ndegeni hakulipwa kwa jasho, na wa topeni hakudhulumiwa malipo.

Hata hivyo, ni kosa kumwambia mtu wa Idete kwamba taabu yake si kitu. Fiqhi ina milango mingine: mvua inaruhusu kukusanya sala kwa jamaa msikitini, na mfungaji aliyezidiwa hata akahofia afya yake hufungua, akalipa baadaye. Wala ndege peke yake haimfanyi mtu msafiri. Dar es Salaam hadi Zanzibar, kiwanja kwa kiwanja, ni kama kilomita 73. Abiria anavuka bahari kwa dakika 20 hivi na bado hajafikisha marhala mbili.

Basi la Ifakara kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kupitia Mikumi, linazifikisha. Ila katika Ramadhani Mashafii wanaongeza sharti: anayetaka kula mchana huo awe ameshauacha mji kabla ya alfajiri. Kwa hiyo stendi, gizani, abiria mwenye chupa ya maji mapajani anatega sikio, dereva akiwa bado anapasha injini moto na muadhini akiwa bado hajashika kipaza sauti.