Deni la Barabara

Ukisimama ukingoni mwa milima ya Vugiri asubuhi, ukungu ukishapanda, unaiona Korogwe chini, mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari, na barabara inayopinda mpaka kwetu. Barabara hiyo hunikumbusha usiku mmoja.

Mama mjamzito alishikwa na uchungu, na mambo yakaharibika. Vijana wakamlaza kwenye machela, wakamfikisha kwa jirani mwenye pikapu. Jirani akauliza, "Mafuta nani atalipa?" Tulizunguka nyumba kwa nyumba kuchanga, na nusu saa ikapita. Mama alipona, mtoto hakupona. Sisemi ile nusu saa ndiyo iliyomwua. Hakuna awezaye kulijua hilo. Lakini swali halikuniacha: je, mwenye gari ana deni kwa asiye nalo?

Wengi walimtetea. Gari ni lake, kalinunua kwa jasho lake. Akimbeba kila mgonjwa bure, mwaka hauishi gari litakuwa juu ya mawe, na hapo hata mgonjwa wa kulipa hatapata usafiri. Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Ila inasahau kitu kimoja: gari haliendi hewani. Lataka njia, na njia ni ya nani?

Hebu tutazame nyuma. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Kampuni iliyoianza iliishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ya Kijerumani ikaichukua. Ilifika Korogwe mwaka 1902, yaani miaka tisa kwa mwendo ambao leo ni wa saa chache, kisha ikasonga hata Moshi mwaka 1911. Haikujengwa kwa ajili yetu, la hasha. Ilijengwa kwa ajili ya mashamba ya walowezi. Lakini mikono iliyopasua mawe na kubeba mataruma ilikuwa ya Waafrika, wengine wakisukumwa na kodi, wengine na kiboko. Barabara nazo zilichimbwa hivyo hivyo, na baada ya Uhuru watu walitoka na majembe yao kwa kazi za kujitolea.

Ajabu ni kwamba kitu kilichojengwa kwa ajili ya wachache kiligeuka kuwa cha wengi. Stesheni ya Korogwe ilikuwa soko na baraza. Mama aliuza machungwa dirishani, barua zilifika, mabibi harusi walishuka. Na treni ilikuwa na adabu yake: saa ikifika inaondoka, wawe abiria kumi au mia. Basi lililokuja kuirithi lilingoja lijae kwanza. Treni za abiria za njia hii zilipokoma katika miaka ya 1990, tulipoteza zaidi ya usafiri. Tulipoteza mfano wa chombo kinachomhudumia mtu kwa kuwa ni mtu, hata siku ambayo hakuna faida. Zilirudi Desemba 2019, zikafika Moshi kutoka Dar es Salaam, na nilifurahi kama mtoto. Hata hivyo, treni haipandi Vugiri. Huku juu tumeachiwa magari na pikipiki, na dhamiri za wenye navyo.

Basi jibu langu ni hili. Gari ni la mtu mmoja, lakini njia ni ya wengi, wakiwamo wafu tusiowajua majina. Kila tairi linalozunguka juu yake lina mdai. Siku za kawaida deni hilo hulipwa kwa nauli ya haki na kwa kutowarushia tope waendao kwa miguu. Usiku wa machela hulipwa kwa kuwasha gari kwanza na kuuliza baadaye.

Lakini deni hilo si la dereva peke yake. Sisi tuliochanga usiku ule tungeweza kuchanga mchana, miezi kabla, tukaweka fedha ya mafuta kwa mjumbe kwa ajili ya saa kama ile. Hatukufanya. Kwa hiyo kila nikitaka kumnyoshea yule jirani kidole, nakumbuka kwamba alituuliza swali ambalo kijiji kizima kilipaswa kuwa na jibu lake tayari.