KAZI ISIYO NA MLANGO

Zamani mfanyakazi alijua kazi imekwisha kwa king'ora cha kiwanda, au kwa kufungwa mlango wa ofisi. Siku hizi wako vijana wetu wa Dar es Salaam na Nairobi wafanyao kazi, kwa njia ya intaneti, katika kampuni za Marekani, wala hawajapata kuonana na mwajiri wao uso kwa uso. Ofisi yao ni kompyuta juu ya meza ya chakula. Wapata ujira wa halali bila kuwaacha wazee na watoto wao. Hayo ni mema, wala hatuyabezi.

Lakini iko hatari. Mwezi Januari, watu wa San Francisco waanzapo kazi saa 3 asubuhi, kwetu ni saa 2 usiku. Kampuni yenye pupa hutaka jibu papo hapo. Baba ashika simu chakula kikiwa mezani. Mtoto amwita mara tatu, hasikii. Je, saa ile ni mali ya nani?

Wako wasemao kwamba alipaye ndiye mwenye saa zote. La hasha! Mwajiri hununua kazi, hanunui mtu. Ndiyo maana mwaka 1919 mataifa yalipatana mjini Washington kuwa kazi ya viwandani isizidi saa 8 kwa siku. Ndiyo maana pia, tangu mwaka 2017, sheria ya Ufaransa inatambua haki ya mfanyakazi kutojibu ujumbe wa kazi nje ya saa zake.

Tena wepesi wa kazi hauhitaji kumwamsha mtu. Kampuni ya GitLab, ambayo watu wake wote hufanyia kazi makwao, hutaka mashauri yaandikwe mahali pa wazi, ili aliye upande mwingine wa dunia ayasome atakapoamka.

Naye mfanyakazi ana deni lake. Kwa kuwa hakuna msimamizi amwonaye, asiibe saa za mwajiri. Aibaye mchana hana la kudai usiku.

Basi, ndugu wasomaji, kazi isiyo na mlango hapana budi itiwe mlango kwa mapatano. Mwajiri na aandike saa zake mkatabani, mfanyakazi na azitimize kwa uaminifu. Kisha kompyuta ifungwe, na mtoto aitapo, baba aitike.