Mizani ya Mwendesha Mashtaka

Kabla hakimu hajaketi kitini, mtu mwingine huwa amekwisha kuamua jambo kubwa. Mtu huyo ni mwendesha mashtaka, asemaye kesi hii iende mbele, na ile ikome. Je, autumieje uwezo huo, mtuhumiwa anapokuwa mchezaji ashangiliwaye na maelfu?

Mwaka 2006, huko Durham, Marekani, mwendesha mashtaka aliyekuwa akiwania kura aliwashtaki wachezaji watatu wa Chuo Kikuu cha Duke kwa ubakaji, akaficha matokeo ya vipimo yaliyowafaa. Aprili 2007 Mwanasheria Mkuu wa jimbo alitangaza kuwa hawana hatia. Naye aliyewashtaki akapokonywa uwakili. Haraka haraka haina baraka.

Huko Tallahassee mambo yalikwenda kinyume. Desemba 2012 mwanafunzi wa kike aliripoti kubakwa, lakini faili ilimfikia mwendesha mashtaka Novemba 2013. Mwezi uliofuata aliamua kutomshtaki mchezaji aliyetajwa, ambaye alikana, kwa kuwa ushahidi haukutosha. Huenda aliamua sawa. Lakini ushahidi usiotafutwa mapema hupotea, na mlalamikaji na mtuhumiwa wote hubaki bila jibu. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Basi, tumwondolee uwezo huo? La, kwani bila yeye kila shutuma, hata ya uongo, ingefika mahakamani. Tumtake aulize ushahidi wasemaje, wala asiulize watu watasemaje. Jezi ya mchezaji si ngao, wala si hatia.