Kiti Kikishakuwa Mwili

Aliyezoea kiti cha magurudumu hapimi mlango wa duka kwa macho. Anajua tu kama atapita, kama vile mwenye miguu asivyofikiria mabega yake anapoingia matatu. Mwaka 1945 mwanafalsafa Mfaransa Maurice Merleau-Ponty aliandika kwamba fimbo ya kipofu ikishazoeleka haihisiwi tena kama kitu mkononi; kinachogusa njia ni ncha yake.

Katika wadi ya Kamenu mjini Thika, Kenya, mazoea hayo hulipiwa kwa viganja. Mjini humo, kwenye shule ya Joytown ya Jeshi la Wokovu inayosomesha watoto wenye ulemavu wa viungo, viti hivi si kioja. Barabara kuu ya kwenda Nairobi, iliyofunguliwa rasmi 2012, ni lami tupu, lakini vichochoro vya mitaani vina kokoto, na mvua ikinyesha, matope. Magurudumu madogo ya mbele ndiyo hukwama kwanza. Anayejifunza huyainua hivi: anarudisha magurudumu makubwa nyuma kidogo, kisha anayasukuma mbele ghafla huku ameegemea nyuma. Mwanzoni mwili wote unagoma, ukidhani unaanguka chali. Hofu hiyo ikiisha, mabega huujua mteremko kabla ya macho.

Aliyeumia uti wa mgongo ana somo jingine: kujiinua kwa mikono mara kwa mara, maana ngozi yenye ganzi haimwambii kwamba inaanza kupata vidonda. Saa ya ukutani inafanya kazi ya neva.

Sasa njoo kanisani. Wahubiri wanaipenda Marko sura ya 2, aliyepooza akishushwa kupitia paa, na kiti huonekana ushahidi wa maombi ambayo bado hayajajibiwa. Mwanateolojia Mmarekani Nancy Eiesland, mwenyewe mlemavu, alipinga mwaka 1994: Kristo mfufuka aliwaonyesha wanafunzi mikono yenye makovu. Ufufuo haukuyafuta. Wengi hoja hiyo inawakera, na ni haki yao; maumivu hayaondolewi na teolojia. Lakini anayeshika mishikio ya kiti na kukisukuma hadi madhabahuni bila kuuliza, ameshika nini? Aliyekikalia atasema ameshikwa yeye.

Baadhi ya watumiaji huchagua kiti kisicho na mishikio kabisa. Anayetaka kusaidia inabidi azunguke mbele, aulize.