Kapu la Samaki, Mkeka wa Darsa

Samaki hangoji. Anayemchuuza mtaani hutoka ufukweni alfajiri, kapu likimvujia maji ya chumvi mabegani, na jua likimkuta hajauza, anarudi na uvundo. Huko ndiko alikoanzia Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye Bagamoyo inamjua kwa jina moja tu: Ramiya.

Asili yake Manyema, Kongo. Aliletwa pwani akiwa mtoto, mtumwa, akaangukia katika nyumba ya Amir bin Sulayman al-Lamki, mmoja wa Waarabu wakubwa wa mji ule. Akachuuza samaki. Kidogo kidogo biashara ikamnyookea, akanunua mashamba ya minazi. Basi hapo angetosheka. Mtu aliyenunuliwa akifika kununua shamba, nani atamlaumu akikaa barazani kwake akanywa kahawa?

Yeye akaenda kusoma. Mtu mzima, mwenye mali yake, akakaa mkekani mbele ya Sheikh Abu Bakr bin Taha, mwanachuoni mwenye asili ya Barawa. Wazee wametuachia neno kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tunapenda kuwaambia watoto. Lakini mtoto ainame nini, naye bado yuko chini? Neno hilo ni la mwenye kimo. Aliyewahi kusoma kitabu mbele ya sheikh anajua: unasoma, unateleza kwenye irabu moja, unatia kasra mahali pa fatha, sheikh anainua kidole, unarudishwa mwanzo wa mstari huku vijana wadogo kuliko wanao wanakusikiliza. Kuvumilia hayo wakati nyumbani una watu wanaokuamkia shikamoo, huko ndiko kuinama.

Na mwalimu naye tusimsahau. Enzi zile pwani walikuwapo waungwana walioiona elimu ya dini kama urithi wa koo zao. Mtumwa alitosha kujua ya kusimamishia swala. Mwalimu aliyemfungulia vitabu mtu wa asili kama ile alitoa kitu ambacho wenzake walikibania. Sisi humsifu mwanafunzi aliyepanda, tukampita aliyemshika mkono.

Ramiya akawa khalifa wa Qadiria, tarika inayojinasibisha na Sheikh Abdulqadir al-Jilani wa Baghdad, na wanafunzi wakamiminika kwake. Mwaka 1916, Waingereza walipoichukua Bagamoyo kutoka kwa Wajerumani, walimpa uliwali, cheo ambacho bwana wake wa zamani aliwahi kukishika. Alifariki 1931, na mwanawe Muhammad akaendeleza kazi.

Watu husimulia zaidi habari ya uliwali. Mimi moyo wangu uko kwenye zikri ya tarika yake. Wanaume husimama duara, bega kwa bega, mkono ndani ya mkono. Huanza polepole, jina la Mwenyezi Mungu likitamkwa wazi. Kisha miili huinama na kuinuka pamoja, sauti inazama kifuani, mpaka kinachosikika ni pumzi tu, pumzi moja ya watu wengi. Mchukuzi yumo, mwenye duka yumo, wa kwao bara yumo na wa kwao ng'ambo yumo. Kanzu zimelowa jasho, macho yamefumbwa. Ukisimama mlangoni ukajaribu kutambua nani babu yake alimiliki na nani babu yake alimilikiwa, utakesha.